Pompi ya samaki: kununua ya bei chini ao ile yenye kudumu?

Mokambo, saa nane ya usiku, kuran inakatika. Kwa nyumba nyingi hakuna anayestuka, juu watu wanalala na lampe zilikuwa zimezimwa. Lakini kwa nyumba ya mtu anayefuga samaki, ndani ya akwariumu ya vioo ao ndani ya tanki la plastiki lenye tilapia wadogo, kuna sauti moja ndogo imenyamaza: ile ya pompi. Asubuhi kuran inarudi. Lampe inawaka, frigo inaanza kutetemeka. Pompi yenyewe haizunguki tena. Inalia tu mmm, mmm, na maji yanabaki yamesimama.

Hapo njo mtu anaanza kupiga hesabu ambayo alipaswa kuipiga mbele. Ile pompi aliinunua bei chini. Je, angeongeza feza na kuchukua ya nguvu, samaki wangepona? Ao hata ile ya bei ya juu ingekufa vilevile, na hasara ingekuwa kubwa zaidi?

Jibu haliko moja kwa watu wote. Linafuatana na namna pompi inavyofanya kazi, namna kuran ya kwetu ilivyo, na samaki gani wako ndani ya maji.

Pompi inafanya kazi gani

Watu wengi wanafikiri pompi ni ya kufanya maji yapendeze macho. Hapana. Samaki anapumua oksijeni iliyo ndani ya maji, na oksijeni hiyo inaingia pale juu, mahali maji yanagusana na hewa. Kama maji yanazunguka, yale ya chini yanapanda, yanachukua hewa, yanashuka tena. Kama yamesimama, yale ya chini yanaisha oksijeni kidogo kidogo.

Maji ya digri 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni kwa kila lita. Yakifika digri 30, yanashika 7 na nusu tu. Na hiyo ni hesabu ya pembeni ya bahari. Huku kwetu juu, kwa mita 1,200 na zaidi, hewa ni nyepesi, na kiasi hicho kinapungua tena kama sehemu 13 kwa 100. Kwa hiyo mwezi wa kumi, wakati wa joto kali mbele ya mvua, maji ya Haut-Katanga yanakuwa na akiba kidogo sana ya oksijeni.

Kazi ya pili ni kupitisha maji ndani ya filtre. Mule kunakaa bakteria zinazokula amonia, ile sumu inayotoka ndani ya mavi ya samaki na chakula kilichobaki. Bakteria hizo nazo zinahitaji oksijeni. Filtre iliyofungwa ikikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria zinaanza kufa na maji ya ndani yanaoza. Kuran ikirudi, pompi inatupa ule uchafu wote juu ya samaki waliokuwa wamepona usiku.

Kwa nini zinakufa kuran ikirudi

Pompi ndogo ya akwariumu ni kitu chepesi. Ndani mna waya wa shaba uliozungushwa na kufungwa ndani ya rezini ili maji yasiingie. Katikati mna rota, yaani sumaku yenye mabawa madogo, inayozunguka ndani ya maji kwenye fimbo nyembamba ya seramiki ao ya chuma. Hakuna mafuta, hakuna mpira wa kuzuia maji kwenye fimbo. Njo maana ikiwa nzuri inaweza kuzunguka miaka mingi mchana na usiku.

Kinachotenganisha ya bei chini na ya bei ya juu ni vitu vitatu hasa: fimbo, rezini na sumaku. Fimbo ya chuma kibaya inashika kutu na kulika. Rezini iliyomwagwa vibaya inapasuka kwa joto, maji yanaingia, na hapo kuran inaweza kuingia ndani ya maji. Sumaku zaifu inashindwa kuanza.

Ile neno ya kuanza ni ya maana sana. Pompi inayozunguka tayari haihitaji nguvu nyingi. Wakati mgumu ni ule wa kuanza. Ikiwa imesimama saa sita, mchanga kidogo unashuka ndani, chokaa inashika fimbo, na rota inakwama. Pompi ya Ulaya inafanyiwa majaribio katika miji ambapo kuran inakatika mara moja ao mbili kwa mwaka. Mahali ambapo delestaje inapita mara tatu kwa siku, pompi inaanzishwa zaidi ya mara 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akiona kwenye karto kwamba pompi inadumu miaka mitano, ajue miaka hiyo haikuhesabiwa kwa kuran ya huku.

Na kuran hiyo si ya jana. Katanga inategemea vituo vyake vya maji vya zamani, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira, uliofunguliwa mwaka wa 1930, na ile laini ndefu ya kilometa 1,700 hivi inayotoka Inga mpaka Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka wa 1982. Migodi inachukua sehemu kubwa. Wengine walizoea kusema kwamba ng'ambo, Mufulira, mambo ni mazuri zaidi. Lakini mwaka wa 2024 ukame ulipiga Zambia mpaka serikali ikatangaza msiba wa taifa, maji ya Kariba yakashuka, na watu wa kule nao wakakaa saa nyingi sana kwa siku bila kuran. Kuwa ng'ambo ya barrière hakukuokoa samaki wa mtu.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu, kila mtu aweke zile anazozikuta sokoni. Pompi ya kwanza ni dola 12 na inakufa kila miezi minane. Ya pili ni dola 50 na inafika miaka mitano.

Kwa miaka mitano, yaani miezi 60, mtu wa pompi ya kwanza atanunua pompi nane. Ni dola 96. Mwenzake ametoa 50. Hapa mwenye kununua bei chini amelipa karibu mara mbili.

Ongeza kuran. Pompi mbaya mara nyingi inakula wati nyingi kwa kazi ileile. Tuseme ya kwanza inakula wati 40 na ya pili wati 20. Mwaka una saa 8,760. Kama kuran iko siku zote, tofauti ni kilowati-saa 175 kwa mwaka. Kama kuran iko nusu ya wakati, ni 87 hivi. Kwa mwenye kulipa SNEL kwa forfe, bila konteri, tofauti hiyo haionekani mfukoni. Kwa mwenye kutumia pano za jua na batri, inaonekana sana, juu kila wati ya zaidi inaomba batri kubwa zaidi.

Halafu kuna samaki wenyewe. Pompi nane zinazokufa ni mara nane za hatari. Mtu mwenye tilapia wadogo 500 ndani ya tanki, waliobebwa kutoka mbali ndani ya sashe zenye oksijeni, anaweza kupoteza kwa usiku mmoja feza inayopita bei ya pompi zote mbili.

Mpaka hapo inaonekana pompi ya bei ya juu inashinda. Lakini hesabu haijaisha.

Upande wa pili wa hesabu

Kwanza, dola 50 zinapaswa kuwa mfukoni leo. Mama anayeuza soko na kufuga samaki pembeni hana miaka mitano ya kungojea faida. Ana dola 25 na samaki wanaopumua sasa hivi.

Pili, pompi ya bei ya juu inaweza kuuawa na kitu kilekile kinachoua ya bei chini. Kuran ikirudi na nguvu ya kupita kiasi, inaunguza zote bila kuuliza bei. Mtu aliyetoa dola 50 kwa pompi na hakuweka hata stabilizatere ya dola kidogo, amejenga nyumba ya matofari na kuacha mlango wazi.

Tatu, jina lililoandikwa kwenye karto si hakikisho. Ndani ya soko za mpakani kunapita vitu vya kuigiza. Na hata kama ni ya kweli, rota ikivunjika, mtu ataipata wapi? Kampuni zingine, kama Eheim ya Ujerumani iliyoanza mwaka wa 1949, zinajulikana kwa kuuza vipande vya kubadilisha kwa miaka mingi. Ni faida kubwa kwa mtu wa Berlin. Kwa mtu wa Mokambo, kipande kinachopaswa kuagizwa ng'ambo ya bahari ni sawa na hakipo, isipokuwa amenunua rota ya akiba siku ileile ya kununua pompi.

Nne, mbili ndogo zinaweza kushinda moja kubwa. Tuseme pompi ya bei chini ina nafasi moja kwa kumi ya kufa ndani ya mwezi fulani. Ukiwa na mbili, na kila moja inakufa kwa sababu yake, nafasi ya zote mbili kufa ndani ya mwezi uleule ni moja kwa mia. Moja ikinyamaza, nyingine inaendelea kuzungusha maji, na mwenyewe anapata siku za kutafuta nyingine bila kukimbia. Dola 24 zinanunua usalama huo.

Lakini hesabu hiyo ni ya kweli tu kama sababu za kufa ni tofauti. Kama zote mbili ziko kwenye prizi moja, kuran ikikatika zinasimama pamoja, na ikirudi na nguvu zinaungua pamoja. Njo maana mafundi wanashauri ya pili isikae kwenye laini ya SNEL. Ikae kwenye batri.

Batri ni rafiki wa samaki

Pompi za volti 12 zinazofanya kazi moja kwa moja kwenye batri zinapatikana, nyingi ni zile zinazouzwa pamoja na pano za jua. Pompi ya wati 10 inachukua chini ya ampea moja. Batri ya gari ya ampea-saa 50, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, inaweza kuibeba karibu siku nzima. Pompi ya hewa, ile inayopuliza mapovu, inakula hata kidogo zaidi, na kwa kuokoa samaki usiku inatosha.

Kuna jambo la kuangalia: konvertisere za bei chini zinatoa kuran isiyo laini. Pompi ya volti 220 ikiunganishwa pale inaweza kupata joto na kulia kwa nguvu. Kama ni lazima kutumia konvertisere, mtu aguse pompi kisha nusu saa. Ikichoma mkono, si ya kuachwa usiku.

Vitu vya Zambia, prizi za Congo

Vitu vingi vinavyouzwa Mokambo vinapita ng'ambo. Volti haina shida: Zambia ni 230, Congo ni 220, mzunguko ni uleule wa 50, na pompi moja inafanya kazi pande zote. Shida ni fishi. Ile ya Zambia ina meno matatu ya bapa na ndani mna fyuzi ndogo. Prizi za huku ni za matundu ya mviringo. Wengi wanakata fishi na kusokota waya kwa mkono, wanafunga na skochi. Wanapoteza ile fyuzi, na wanaacha kiungio kinacholegea karibu na maji. Adaptere nzuri ina bei kidogo kuliko pompi nyingine.

Waya wa pompi uachwe ushuke chini ya prizi kisha upande tena, ili tone la maji likifuata waya lidondoke chini, lisiingie kwenye prizi. Na mtu asiingize mkono ndani ya maji mbele ya kuchomoa fishi, hata mara moja. Kwa nyumba yenye watoto, disjonctere ya diferansiele ya miliampea 30 njo kitu cha kwanza cha kununua, mbele ya pompi yenyewe. Samaki wanaweza kununuliwa tena.

Pompi za kisima si za samaki

Wengine, ili kuokoa feza, wanachukua pompi ya kupandisha maji ya kisima na kuiweka izungushe maji ya samaki. Inafanya kazi, lakini ina hatari mbili. Nyingi kati ya pompi hizo ndogo za juu zina gurudumu la shaba ya njano ndani. Maji yakipita pale mara moja kuelekea bidoni, hakuna neno. Yakizunguka maji yaleyale kila siku, shaba inaongezeka, na shaba ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Watu wa Katanga hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Mwezi wa pili wa mwaka 2025, bwawa la uchafu wa mgodi lilipasuka upande wa Chambishi, Zambia, na samaki wakaelea wamekufa mpaka ndani ya mto Kafue.

Hatari ya pili ni mafuta. Pompi zingine za kuzamisha zina mafuta ndani. Mpira wa kuzuia ukichoka, mafuta yanatoka na kufunika maji, na hewa haiingii tena.

Samaki gani, pompi gani

Kosa lingine ni kununua pompi kubwa kwa samaki wasioihitaji. Samaki wa miamba ya ziwa Tanganyika, wale ambao Pierre Brichard aliwapeleka ulimwenguni kutoka Bujumbura, na mmoja anabeba jina lake, Neolamprologus brichardi, wamezoea maji safi yenye oksijeni nyingi. Kwao pompi zaifu ni hatari ya kweli.

Lakini Katanga ina samaki wengine wadogo wenye rangi nzuri, wa jamii ya Nothobranchius. Mmoja anaitwa Nothobranchius malaissei, kwa heshima ya François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hao wanaishi ndani ya madimbwi ya mvua yanayokauka kila mwaka, na mayai yao yanangoja ndani ya udongo mpaka mvua irudi. Hawapendi maji yanayosukuma. Mapovu kidogo yanawatosha, na mwenye kuwanunulia pompi ya dola 50 amewatesa kwa bei ya juu.

Tilapia anavumilia kuliko wengi. Oksijeni ikipungua, anapanda kunywa maji ya juu kabisa. Shida yake ni wingi. Wakiwa wachache ndani ya maji mengi wanaweza kupitisha usiku bila pompi. Wakiwa wamesongamana ndani ya tanki, saa moja inaweza kuwamaliza.

Na kwa mwenye shamba lenye kijito, kuna njia isiyo na pompi kabisa. Tangu miaka ya 1940, pale Kipopo karibu na Lubumbashi, tilapia walifugwa na kuchunguzwa ndani ya mabwawa ya udongo. Bwawa kama hilo likichimbwa chini ya kijito, maji yanaingia kwa mfereji na kutoka kwa mteremko, na hayangoji kuran.

Dukani, mbele ya kulipa

Muuzaji atasema: "Chukua hii, patron, iko nguvu, haina mambo." Inaweza kuwa kweli. Lakini kuna majaribio ya dakika kumi ambayo muuzaji wa haki hatayakataa.

Omba ndoo ya maji, washa pompi, kisha chomoa na kuchomeka mara kumi. Ikikataa kuanza hata mara moja ikiwa mpya, iache.

Fungua kifuniko, toa rota. Fimbo ya seramiki ni nyeupe na laini. Uliza kama rota ya akiba iko.

Soma wati, na ule urefu wa mwisho wa kupandisha maji. Lita zilizoandikwa kwa herufi kubwa zinapimwa bila kupandisha maji hata kidogo. Pompi ya lita 1,000 kwa saa yenye urefu wa mwisho wa mita moja, ukiipandisha nusu mita, itatoa karibu nusu. Ili kuhakikisha, jaza ndoo ya lita 10 na kuangalia saa: ikijaa kwa dakika moja, ni lita 600 kwa saa. Kwa akwariumu ya lita 200, lita 600 mpaka 1,000 zinatosha samaki wengi.

Nyumbani, pompi ioshwe kila mwezi kwa maji, na chokaa itolewe kwa kulaza rota ndani ya siki. Pompi nyingi zinazotupwa kama "zimekufa" zilikuwa zimeshikwa na chokaa tu.

Kwa mwenye dola 25, basi: pompi mbili za kawaida, ao moja pamoja na pompi ya hewa ya batri. Kwa mwenye 60 na zaidi: asitoe zote kwa pompi moja, achukue ya kati yenye rota ya akiba, aongeze stabilizatere na batri. Ya bei ya juu kabisa iwe ya yule ambaye tayari ana kuran iliyotulia.

Na usiku kuran ikikatika bila chochote kuwa tayari, mtu achote maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Asiwape samaki chakula. Filtre iliyofungwa aifungue, sponji zikae ndani ya ndoo pana yenye maji ya akwariumu. Kuran ikirudi, aanze kwa kuchomoa pompi, angoje dakika chache mpaka nguvu itulie, kisha aiwashe akiwa amesimama pale, akisikiliza kama inazunguka.